Yoshitoshi: Gwiji wa chapa za mbao aliyeuhifadhi msiba wa kabuki karatasini

MNAMO Juni 9, 1892, katika vyumba vya kukodi jijini Tokyo, aliaga dunia mchoraji aliyekuwa ametoka hospitali ya magonjwa ya akili majuma machache tu awali. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Jina lake lilikuwa Tsukioka Yoshitoshi. Wanahistoria wengi wa sanaa humhesabu kuwa gwiji wa mwisho wa ukiyo-e, sanaa kongwe ya Wajapani ya kuchapa picha za rangi kwa vibao vya mbao.

Kwa takriban miaka 40 mkono wake uliwachora mashujaa, wauaji, mizimu na wapenzi waliosalitiwa, wengi wao wakiwa wahusika wa michezo ya kuigiza ya kabuki. Lakini maisha yake mwenyewe, yaliyojaa njaa, wazimu na wanawake waliojitoa mhanga kwa ajili yake, yangetosha kuwa mchezo wa jukwaani.

Samaki angali mbichi

Yoshitoshi alizaliwa Aprili 30, 1839 katika jiji la Edo, ambalo leo huitwa Tokyo. Wazazi wake walimpa jina Yonejiro, wa nyumba ya Owariya. Babake alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo aliyejinunulia hadhi ya samurai, jambo lililowezekana katika siku hizo ambapo fedha za wafanyabiashara zilikuwa zimeanza kushinda nguvu za mapanga.

Angali mtoto mdogo, alihamia kwa mjombake aliyekuwa muuza dawa na ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Ni huko alikoonyesha mapenzi ya kuchora, na wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mwaka wa 1850, akiwa na umri wa miaka 11, alipelekwa kuwa mwanagenzi wa Utagawa Kuniyoshi, mmoja wa wachoraji waliotajika zaidi enzi hiyo.

Kuniyoshi alisifika kwa picha za wapiganaji wa kale. Aidha, alijulikana kwa kuwapenda paka na kwa kukusanya picha zilizochapishwa Ulaya, ambazo alizichunguza ili kujua jinsi Wazungu walivyoonyesha kivuli na umbali. Aliwahimiza wanafunzi wake wachore kutokana na vitu halisi badala ya kuiga tu michoro ya waliotangulia. Somo hilo lilimwingia Yoshitoshi, na ndiye mwalimu aliyempa jina hilo ambalo ulimwengu ungekuja kumtambua nalo.

Chapa yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1853, akiwa na umri wa miaka 14. Ilihusu vita vya baharini vya ukoo wa Taira ulioangamia katika karne ya 12. Katika mwaka uo huo, meli za kivita za Marekani zikiongozwa na Matthew Perry zilitia nanga karibu na Edo na kuitaka Japani ifungue milango yake kwa biashara ya nje. Kijana huyo alianza kazi siku ambazo dunia iliyoizaa kazi hiyo ilikuwa imeanza kuporomoka.

Jukwaa na karatasi

Ili kuelewa alichokifanya Yoshitoshi, ni muhimu kufahamu jinsi kabuki na chapa za mbao zilivyotegemeana.

Kabuki ilianza mapema katika karne ya 17 jijini Kyoto, na mwanzilishi wake anatajwa kuwa mwanamke aliyeitwa Okuni. Hata hivyo, mwaka wa 1629 serikali iliwapiga marufuku wanawake kupanda jukwaani, na tangu hapo majukumu yote, yakiwemo ya mabinti na akina mama, yakawa yanaigizwa na wanaume. Waigizaji walitoka katika koo chache na walirithishana majina, ndiyo sababu jina kama Ichikawa Danjuro lilivaliwa na mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea.

Michezo yake mingi ni ya huzuni. Hadithi zake huhusu mtu aliyebanwa baina ya wajibu na mapenzi: mtumishi anayelazimika kumtoa mwanawe auawe badala ya mtoto wa bwana wake, au vijana wawili wanaoamua kufa pamoja kwa kuwa jamii haitawaruhusu kuishi pamoja. Visa vingine vilitokana na matukio halisi. Mathalan, mwaka wa 1703 mtunzi Chikamatsu Monzaemon aliandika mchezo wa vikaragosi kuhusu wapenzi wawili waliokuwa wamejiua Osaka mwaka huo huo. Michezo ya aina hiyo ilivutia watu kiasi kwamba katika miaka ya 1720 serikali iliipiga marufuku, ikihofia kuwa vijana walikuwa wakiwaiga wahusika.

Chapa ndizo zilizowawezesha watu wa kawaida kuipeleka kabuki nyumbani. Tofauti na mchoro wa brashi ulionunuliwa na tajiri mmoja, chapa moja ilitolewa kwa mamia au hata maelfu ya nakala, na bei yake haikuzidi uwezo wa fundi au mchuuzi wa mjini. Mpenzi wa mwigizaji fulani alinunua picha yake jinsi vijana wa zama hizi wanavyobandika picha za wanamuziki kwenye kuta za vyumba vyao.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Mchapishaji alitoa mtaji na kuamua kitakachouzika. Mchoraji alichora mistari kwa wino kwenye karatasi nyepesi. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo juu ya ubao wa mcheri na kuchonga, akiiacha mistari isimame na kuondoa sehemu nyingine zote. Kila rangi ilihitaji ubao wake. Hatimaye mpiga chapa alipaka rangi kwenye vibao na kuilaza karatasi iliyotengenezwa kwa maganda ya mforosadi juu yake, rangi baada ya rangi, akiisugua kwa mkono. Kosa la upana wa unywele lingeharibu picha nzima.

Serikali ilizifuatilia chapa hizo kwa jicho kali. Mwaka wa 1842, katika kampeni ya kupiga vita anasa, ilikataza kabisa picha za waigizaji na za makahaba wa kifahari. Kumbi za maigizo zilikuwa zimekwisha kuamriwa kuhama kutoka katikati ya jiji hadi pembezoni. Baada ya miaka michache marufuku hiyo ililegea, na wachoraji wakarejelea kazi zao.

Nguvu ya picha hizo ilidhihirika mwaka wa 1854, Yoshitoshi akiwa bado mwanagenzi. Ichikawa Danjuro wa Nane, kipenzi cha wanawake wa Edo, alijiua Osaka siku ambayo alitarajiwa kuanza maigizo huko. Sababu haikuwahi kubainika. Wachapishaji walimwaga sokoni chapa za kumwomboleza, nyingi zikiwa hazina jina la mchoraji, nyingine zikiwaonyesha wanawake wa kila tabaka wakimlilia. Msiba wa jukwaani na msiba wa kweli vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, na biashara ikashamiri juu yake.

Chapa za damu

Kuniyoshi alifariki mwaka wa 1861, kabla ya Yoshitoshi kufikisha umri wa miaka 22. Kijana huyo aliachwa bila mlezi katika soko lililojaa ushindani, lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Katika miaka iliyofuata alichapisha picha kadhaa kadhaa, nyingi zikiwa za kabuki, na akajitwalia jina la ukoo wa Tsukioka, nyumba ya wachoraji.

Mwaka wa 1866 yeye na Ochiai Yoshiiku, aliyekuwa amesoma naye kwa Kuniyoshi, walianza kutoa mfululizo uliowafanya wajulikane na kuogopwa. Mfululizo huo unaojulikana kama Mauaji 28 Mashuhuri Yaliyoandamana na Mashairi ulikamilika mwaka wa 1867, kila mmoja wao akiwa amechora picha 14.

Wahusika wengi walitoka moja kwa moja katika kabuki. Mmoja wao ni Fukuoka Mitsugi, shujaa wa mchezo ulioandikwa mwaka wa 1796 kutokana na mauaji ya kweli yaliyofanyika katika danguro moja huko Ise mwaka huo huo. Mitsugi ni mtu mpole anayetukanwa mbele ya kadamnasi na mwanamke ampendaye, asijue kwamba mwanamke huyo anafanya hivyo kwa siri ili kumsaidia. Anapochomoa upanga, upanga wenyewe unaonekana kumwongoza, na watu wengi wanakufa.

Mwingine ni Naosuke Gombei, mwovu anayepatikana katika mchezo wa mizimu wa Yotsuya ulioandikwa na Tsuruya Nanboku wa Nne na kuigizwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1825. Yoshitoshi alimchora akiuchuna uso wa mtu aliyemuua. Kuna pia picha ya Inada Kyuzo Shinsuke, akimkatakata mwanamke aliyening'inizwa kwa kamba kichwa chini.

Ili damu ionekane mbichi, wapiga chapa walichanganya rangi nyekundu na gundi. Matokeo yake ni kwamba hata leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, madoa hayo hung'aa karatasini kana kwamba hayajakauka. Alama za vidole vilivyoloa damu huonekana kwenye nguo na kwenye ngozi za wahusika.

Ni rahisi kumlaumu mchoraji kwa kuyafurahia mauaji. Hata hivyo, jiji lenyewe lilikuwa limezoea damu. Katika miaka hiyo ya mwisho ya utawala wa shogun, bei za vyakula zilipanda, ghasia zikazuka, na samurai wa pande hasimu wakawa wanauana barabarani. Hadhira iliyoingia ukumbini na kununua chapa hizo ilitambua kilichoonyeshwa. Kabuki iliwapa namna ya kuyatazama maovu hayo wakiwa wameketi salama, na Yoshitoshi akawapa namna ya kuyashika mikononi.

Miongo mingi baadaye, waandishi mashuhuri wa Japani kama vile Edogawa Ranpo na Mishima Yukio walivutiwa mno na picha hizo. Lakini baadhi ya watu waliomfahamu mchoraji huyo kwa chapa hizo tu walimwona kuwa mtu wa kupenda ukatili, sifa iliyoifunika kazi yake nyingine kwa muda mrefu.

Vita, njaa na kiza

Julai 1868, majeshi ya mfalme yaliwashambulia wafuasi wa shogun waliokuwa wamejificha katika eneo la hekalu la Ueno, Edo. Yoshitoshi hakuhitaji tena jukwaa ili kuona maiti. Mfululizo wake kuhusu wapiganaji 100, ulioanza kutoka mwaka huo, unaonyesha nyuso zilizochoka, macho mekundu na majeraha ambayo mchoraji asingeyabuni tu akilini. Kwa kuwa sheria ilikataza kuchora matukio ya wakati huo, aliwapa wahusika wake majina ya mashujaa wa kale, lakini kila mnunuzi alijua ni vita gani vilivyokusudiwa.

Utawala wa shogun ulianguka. Mfalme Meiji akahamia Edo, nalo jiji likapewa jina jipya la Tokyo. Kipya kinyemi ingawa kidonda: Wajapani walianza kuvaa suti, kukata nywele kwa mtindo wa Ulaya na kupigwa picha kwa kamera. Chapa za mbao zikaanza kuonekana kama mabaki ya zama zilizopitwa.

Kazi zilimpungukia Yoshitoshi. Mwaka wa 1872 alikamilisha mfululizo aliokuwa ameutegemea sana, lakini haukupata wanunuzi. Alianguka katika mfadhaiko mkubwa wa akili na kuacha kufanya kazi.

Wakati huo alikuwa akiishi na mwanamke aliyeitwa Okoto. Inasimuliwa kwamba umaskini wao ulifikia kiwango cha kung'oa mbao za sakafu ili wapate kuni za kuota moto. Okoto aliuza mavazi yake na vitu vyake ili kumlisha mchoraji huyo, na hatimaye akajiuza kwa danguro. Mwanamke mwingine aliyeitwa Oraku, aliyekuja katika maisha yake baadaye, alifuata njia iyo hiyo: aliuza alichokuwa nacho, na walipoachana baada ya takriban mwaka mmoja, naye akaingia danguroni.

Kisa cha mwanamke anayejiuza ili kumwokoa mumewe au mzazi wake ni cha kawaida mno katika kabuki, na hadhira hububujikwa na machozi kila kinapoigizwa. Katika nyumba ya Yoshitoshi hapakuwa na hadhira wala muziki. Majina ya wanawake hao hayamo kwenye chapa zozote alizotia sahihi, ilhali bila wao chapa zake bora huenda zisingekuwepo.

Kutoka jukwaani hadi gazetini

Mwaka wa 1873 afya yake ilirejea. Kwa kuadhimisha jambo hilo alijipa jina jipya la kazi, Taiso, lenye maana ya ufufuo mkuu.

Kilichomwokoa kiuchumi ni chombo kipya kilichoingia nchini pamoja na mabadiliko: gazeti. Rafiki na mshindani wake, Yoshiiku, alikuwa miongoni mwa walioanzisha gazeti la Tokyo Nichinichi mwaka wa 1872, na mnamo 1874 zikaanza kuuzwa chapa za rangi zilizosimulia habari za gazeti hilo. Mwaka uliofuata Yoshitoshi akaanza kuchora chapa kama hizo kwa ajili ya gazeti shindani la Yubin Hochi.

Habari zilizochaguliwa hazikuwa za bunge wala za biashara. Zilihusu mauaji, watu waliojiua, fumanizi, wezi na mizuka. Yoshitoshi alizichora kwa mbinu alizozipata katika kabuki: mhusika akiwa amesimama ghafla katika kilele cha tukio, macho yamekodolewa, mwili umepinda, sawa na mwigizaji anavyosita jukwaani ili hadhira imshangilie. Mtu asiyejua kusoma maandishi yote bado aliuelewa msiba wote kwa kuitazama picha.

Vita vya 1877, ambapo Saigo Takamori aliwaongoza samurai wa Satsuma dhidi ya serikali mpya, vilimletea kazi nyingi. Umma ulitaka picha upesi, na Yoshitoshi alizitoa. Mwaka wa 1882 aliajiriwa na gazeti la Eiri Jiyu kwa mshahara, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akawa na pato la uhakika.

Mwaka wa 1884 alimwoa Sakamaki Taiko, aliyekuwa geisha hapo awali na aliyekuja na watoto wawili. Mkewe huyo alikuwa na subira kubwa, na miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya matunda zaidi katika maisha ya mchoraji huyo.

Kilele cha umaarufu

Kufikia wakati huo, uhusiano wake na kabuki ulikuwa umegeuka. Mwaka wa 1883 alitoa chapa ya karatasi tatu zilizounganishwa, inayomwonyesha Fujiwara no Yasumasa akipuliza filimbi nyikani chini ya mwezi, huku jambazi akimnyemelea kwa nyuma asiweze kumdhuru. Picha hiyo ilipendwa kiasi kwamba ilifanyiwa mchezo wa kabuki, na Ichikawa Danjuro wa Tisa akaigiza. Badala ya karatasi kuliiga jukwaa, jukwaa liliiga karatasi.

Mwaka wa 1885 ulikuwa wake. Kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha watu waliovuma Tokyo kilimweka nambari ya kwanza miongoni mwa wachoraji wa ukiyo-e, mbele ya Yoshiiku na mbele ya Toyohara Kunichika, bingwa wa picha za waigizaji.

Katika mwaka huo alitoa chapa mbili za wima, kila moja ikiwa ya karatasi mbili zilizopangwa juu na chini. Ya kwanza inamhusu Oshichi, binti wa muuza mboga wa Edo. Kwa mujibu wa simulizi, familia yake ilikimbilia hekaluni baada ya nyumba yao kuungua, na huko akampenda kijana mmoja. Aliporudishwa nyumbani, akawasha moto akitumaini kwamba watakimbilia hekaluni tena, na mwaka wa 1683 akauawa kwa kuchomwa. Kwenye kabuki msichana huyo haanzishi moto bali hupanda mnara wa kutolea tahadhari, kosa ambalo pia adhabu yake ni kifo. Yoshitoshi alimchora akiwa kwenye ngazi ya mnara huo, na umbo refu na jembamba la karatasi likamfanya mtazamaji ahisi urefu anaoupanda na shimo analolitumbukia.

Ya pili ni ya kutisha zaidi. Inaitwa Nyumba ya Upweke katika Nyika ya Adachi. Mwanamke mjamzito amening'inizwa kichwa chini kutoka darini, na chini yake kikongwe, kifua wazi, ananoa kisu. Kisa hicho kinapatikana katika mchezo wa mwaka wa 1762 ambapo kikongwe huyo anatafuta damu ya mtoto aliye tumboni ili kumponya mtoto wa bwana wake. Baada ya kumuua mwanamke huyo, anagundua kwamba alikuwa bintiye wa kumzaa.

Katika picha hiyo hakuna hata tone moja la damu. Yule aliyewahi kuiloweka karatasi kwa rangi nyekundu alikuwa amejifunza kwamba dakika ya kabla ya pigo inatisha kuliko pigo lenyewe. Serikali haikulitambua hilo. Iliipiga marufuku chapa hiyo kwa madai kuwa ilikiuka maadili.

Mnamo 1890 alitoa chapa tatu za waigizaji zinazofahamika kama Theluji, Mwezi na Maua, kila moja ikimweka mwigizaji mmoja pekee katika karatasi tatu. Ile ya Theluji inamwonyesha Onoe Kikugoro wa Tano akiwa Iwakura no Sogen, mtawa aliyeporomoka kwa sababu ya mapenzi yasiyowezekana. Uso wake uliokonda umezungukwa na weupe mtupu.

Mwezi na mizimu

Kazi iliyompa heshima kubwa zaidi ni mfululizo wa Sura 100 za Mwezi, ulioanza mwaka wa 1885 na kukamilika mwaka wa 1892. Wahusika wake wanatoka katika historia, mashairi, na michezo ya noh na kabuki. Inasimuliwa kwamba wanunuzi walipiga foleni kabla ya alfajiri siku ambazo picha mpya zilitarajiwa, na waliochelewa walikuta zimekwisha.

Sambamba na kazi hiyo, tangu mwaka wa 1889 alichora Maumbo Mapya ya Mizimu 36. Mmoja wao ni Okiku, kijakazi wa hadithi maarufu ya kabuki aliyesingiziwa kuipoteza sahani moja kati ya sahani 10 za thamani za bwana wake. Aliuawa na kutupwa kisimani, na kila usiku mzimu wake hutoka na kuhesabu sahani hadi tisa kisha hulia. Wachoraji wengine waliufanya mzimu huo uogopeshe. Yoshitoshi aliuchora kama msichana dhaifu aliyejishika uso, hivi kwamba mtazamaji humwonea huruma badala ya kumkimbia.

Neno alilolitumia kwa maana ya maumbo mapya, linapotamkwa, husikika sawa na neno la Kijapani la mishipa ya fahamu. Wasomi wengi huamini kwamba aliufanya mchezo huo wa maneno kwa makusudi, kwani yeye mwenyewe alidai kuwa alipata kuona mizimu.

Ugonjwa wake ulirudi. Akiba yake iliibwa nyumbani, na hali yake ya akili ikazidi kudhoofika. Alilazwa hospitalini, lakini hata huko hakuacha kuchora. Alitoka mwezi Mei 1892, akaishi kwa muda mfupi katika vyumba vya kukodi, na kufariki kutokana na kuvuja damu ubongoni. Baadhi ya picha za mfululizo wa mizimu zilikamilishwa na wanafunzi wake.

Alichokiacha

Mwaka wa 1898 jiwe la kumkumbuka lilisimamishwa katika bustani ya Mukojima Hyakkaen, Tokyo. Kwa miongo kadhaa baadaye jina lake lilififia, na katika nchi za Magharibi wakusanyaji walizipuuza chapa za enzi ya Meiji kwa kudhani kwamba sanaa hiyo ilikuwa imekufa kitambo. Ni katika miaka ya 1970 na baadaye ambapo makavazi na wataalamu walianza kumpa nafasi anayostahili.

Hata hivyo, mkono wake haukukatika. Mwanafunzi wake Mizuno Toshikata alimfundisha Kaburaki Kiyokata, naye Kiyokata akawafundisha Ito Shinsui na Kawase Hasui, waliozifufua chapa za mbao katika karne ya 20. Mwana wa mkewe, Tsukioka Kogyo, alijitolea kuchora michezo ya noh na kuacha mamia ya picha zinazotumiwa na watafiti hadi leo.

Kabuki nayo ingali inaigizwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiweka katika orodha ya turathi za binadamu mwaka wa 2008, na Oshichi bado huupanda mnara wake mbele ya hadhira zinazojua fika jinsi kisa kitakavyoishia.

Waigizaji waliosimama mbele ya Yoshitoshi wamekufa wote, sauti zao hazikurekodiwa kwa wingi, na nyingi za kumbi walizozitumia ziliteketea kwa moto. Kilichobaki cha usiku huo wa machozi ni karatasi za mforosadi zenye upana wa takriban sentimita 25, pamoja na wekundu ambao, hata baada ya karne moja na nusu, bado haujakauka.